Matundu tisa yasiyo na boliti kwenye bloku ya Land Rover

Swali la msomaji wa Iringa:

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, injini ya petroli ya 2.25. Nimeishusha injini, nimeiosha kwa dizeli na kuipaka rangi. Sasa nakuta matundu tisa yenye nyuzi ambayo hayana boliti wala kifaa. Nimeyapa namba kwa chaki na nimekutumia picha za kabla na baada ya rangi, pamoja na vipimo vya kina na nyuzi na majibu ya kupuliza upepo. Fundi anayenisaidia anasema yalibaki tu kiwandani, tuyazibe yote kwa boliti yasiingize vumbi. Namba moja na mbili amejaribu boliti za spana 13, zikaingia mizunguko miwili zikagoma. Namba tisa, lililo chini kabisa kwa nyuma, lilikuwa likidondosha oili tangu enzi za baba. Hilo ameshalikaza boliti pamoja na silikoni. Kila tundu ni la nini, na je, tunakosea kuyaziba?

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Jibu langu ni refu, lakini kuna jambo moja lisisubiri ufike mwisho: ifungue sasa hivi ile boliti ya namba tisa na uikwangue silikoni yote iliyobaki kwenye nyuzi. Tundu lile halikusahauliwa kiwandani. Liliachwa wazi kwa makusudi.

Namba tisa liko chini ya ganda linalofunika flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya krenki. Ndani ya ganda hilo sili mbili zinatazamana: mbele iko sili ya nyuma ya krenki, nyuma iko sili ya shafti inayotoka giaboksi. Zote mbili zikizeeka huvuja kidogo. Waliolichora gari hili kule Solihull, Uingereza, walilijua hilo, wakaacha tundu chini ili kinachovuja kidondoke ardhini badala ya kujikusanya ndani. Wakalitia nyuzi kwa sababu gari lenyewe lilikusudiwa kuvuka mito. Ukifika kwenye maji ya kina au tope zito unafunga kizibo chake, ukishavuka unakifungua. Maelekezo ya kiwanda yanataka kizibo kikae pale kwa kazi ya namna hiyo tu, na kama kazi inaendelea, kifunguliwe mara kwa mara oili imwagike ndipo kirudishwe.

Ukiliziba moja kwa moja, oili inapanda taratibu ndani ya ganda mpaka flaiwili inaanza kuichota na kuirusha kwenye sahani ya klachi. Tatizo utaligundua siku umepakia mzigo unapandisha mlima wa Kitonga: injini inanguruma, mwendo hauongezeki, harufu ya klachi inayoungua inakujia mpaka kwenye kiti. Hapo hakuna njia ya mkato, lazima giaboksi itoke. Kwa hiyo baba yako hakuwa akilipuuza lile tone. Alikuwa akiliacha lifanye kazi yake. Wewe nawe lisome. Likinge kwenye karatasi nyeupe: likiwa jeusi na jepesi, linatoka kwenye injini, likiwa zito, la rangi ya asali, lenye harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya giaboksi. Na kwa kuwa injini sasa iko nje na sili zote mbili unazifikia kwa mkono, zibadilishe kabla hujaunganisha.

Sasa haya mengine manane.

Fundi wako anaposema yalibaki, amekosea kidogo tu. Baadhi yake yaliwekwa kwa ajili ya gari jingine lisilokuwa la kwako. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2286 ilitoka mwaka 1958 pamoja na Series II. Dizeli ilikuwa imetangulia mwaka mmoja, ikiwa na ujazo wa 2052, na mwaka 1961 ikapanuliwa ikafika 2286 ileile, silinda zenye upana wa milimita 90.47 na mwendo wa pistoni wa milimita 88.9, sawa kabisa na petroli. Hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Pale inapokaa disitributa yako, kwenye dizeli inakaa pampu ya kusukumia mafuta, ikizungushwa na shafti ya wima ileile. Kisha injini hiyohiyo ikaingia kwenye 88 fupi, kwenye 109 ndefu, kwenye Forward Control yenye kabini iliyosogezwa mbele, na kwenye magari ya jeshi. Kulikuwa na wanunuzi waliotaka rejeta ya oili, na wakulima waliotaka gavana ya kushika mwendo wa injini gari likiwa limesimama linazungusha mashine shambani. Magari ya kabla ya lako yalikuwa na dainamo. Series III ikaja na altaneta, na breketi zake zikawa nyingine. Kiwanda hakiwezi kusubu bloku tofauti kwa kila mteja. Ni nafuu kutoboa tundu la ziada kuliko kutengeneza kalibu mpya.

Ndiyo maana mimi silipi tundu jina kabla sijajua linakwenda wapi. Jina la kifaa kilichopaswa kukaa pale unaweza kulikosa na gari likatembea miaka ishirini bila shida. Lakini usipojua kama nyuma ya tundu kuna chuma kitupu, maji, au oili yenye presha, boliti moja inatosha kukuharibia bloku.

Anza na uso wa tundu kabla ya tundu lenyewe. Bloku ni chuma cha kusubu, na ngozi yake ya asili ina chembechembe kama ganda la chungwa, kwa sababu ilitoka kwenye kalibu ya mchanga. Mahali ambapo kitu kilipangiwa kukalia, ngozi hiyo imesagwa ikawa tambarare, na ukipitisha ukucha unahisi tofauti. Tundu lililo katikati ya uso uliosagwa lilikusudiwa kushika kifaa. Tazama na majirani zake, maana breketi haishikwi na boliti moja. Matundu yake huenda mawili mawili au hujipanga pembetatu. Tundu lililo peke yake, kwenye kinundu cha mviringo kilichosagwa kidogo tu kuzunguka mdomo, mara nyingi ni la bomba, swichi au kizibo, kwa kuwa kifaa cha namna hiyo kinajifunga chenyewe kwa nyuzi zake na kinahitaji tu mahali pa washa, yaani kipete cha kuzibia, kukalia.

Halafu tazama nyuzi. Tundu lililokaa tupu miaka arobaini lina tope na grisi iliyokauka mpaka chini, na hata ukiosha kwa dizeli mabaki yake hayaishi. Tundu lililokuwa na kizibo mpaka juzi lina nyuzi safi zinazong'aa. Hapa ndipo picha zako za kabla ya rangi zilinisaidia sana. Namba sita, lile dogo upande wa disitributa, lina nyuzi safi, na kuzunguka mdomo wake kuna mduara mwembamba uliobonyea, wenye rangi ya shaba. Hiyo ni alama ya washa ya shaba iliyokandamizwa pale kwa miaka mingi. Mwanangu, namba sita halikuwa tupu. Kizibo chake kimefunguliwa wakati wa kuosha injini na kiko kwenye kopo la boliti pale gereji. Kitafute leo, nitakueleza chini kwa nini.

Baada ya macho, waya. Chukua njiti ya tairi la baiskeli, ikate ncha iwe butu, iingize polepole mpaka igote, ushike kwa kucha pale inapokutana na mdomo wa tundu, uitoe uipime kwa rula. Andika kina cha kila tundu kwenye daftari. Chini pakigota kwa sauti kavu ya chuma, na tochi ikakuonyesha sehemu ya mwisho ina umbo la faneli, hiyo ni alama ya ncha ya keekee: tundu ni kipofu, halina pa kwenda. Njiti ikizama bila kugota, tundu limetokea upande wa pili. Na ikigota kwenye kitu kinachobonyea, usiamini kwamba umefika mwisho.

Namba tano ndiyo mfano wake. Umeandika kwamba lina kina cha milimita 11 tu na kwamba ndani kuna "kutu ya udongo". Liko chini ubavuni, upande wa koti la maji, yaani njia za maji zinazozunguka silinda. Hilo ni tundu la kumwagia maji ya bloku, ambalo kwa kawaida hukaa bomba dogo la kufungua kwa mkono. Magari yetu mengi yamenyweshwa maji ya kisima na ya mtoni bila dawa ya kutu, na uchafu wote hushuka chini ya koti la maji ukakauka ukawa kama matofali. Ukifungua bomba halitoi hata tone, mtu akadhani pale hapana kitu. Chokonoa kwa njiti ngumu, na usichoke haraka. Kwanza utatoka unga mwekundu, halafu vigamba, halafu matope, na mwisho maji yaliyolala humo tangu siku za mzee. Mwaga maji kwa shinikizo kutoka juu, mahali pa thamostati, mpaka yatoke safi hapo chini. Nimeona injini zikichemka kila siku, rejeta ikabadilishwa, pampu ikabadilishwa, na kumbe silinda ya nyuma ilikuwa imezungukwa na udongo badala ya maji. Tundu hili lirudishie bomba lake, au kizibo cha shaba. Cha chuma kitashikana na kutu na siku ukitaka kumwaga maji hakitafunguka.

Usilichanganye hilo na vile vizibo vya bati vya mviringo vilivyogongwa ubavuni. Vile havina nyuzi. Ni milango iliyotumika kutolea mchanga wa kalibu baada ya kusubu. Vikikaguliwa na kuonekana vimeliwa na kutu, hubadilishwa vyote kwa pamoja.

Pale ambapo waya haukupi jibu, tumia upepo. Weka bomba la kompresa kwenye tundu, zungushia kitambaa, fungua upepo kidogo sana, na msaidizi asikilize. Vaa miwani, maana uchafu utakurudia usoni. Upepo ukitokea kwenye mdomo wa maji pale juu, umefika koti la maji. Ukitokea kwenye matundu madogo ya beringi za krenki au kwenye uso wa filta, uko kwenye njia ya oili. Namba nane umesema unapopuliza, upepo unatoka kwa wingi pale sampu, yaani bakuli la oili la chini ya injini, ilipokaa. Basi linaingia kwenye nyumba ya krenki, ambako oili inarukaruka lakini haina presha. Angalia kwanza kama bomba la stiki ya kupimia oili na vitu vyote ulivyofungua upande ule vimerudi mahali pake. Ikiwa vyote vimerudi na tundu bado ni tupu, funga boliti fupi yenye washa ya shaba. Fupi, nasisitiza, kwa sababu ndani kuna vitu vinavyozunguka. Wenye Chevrolet za V8 za small block wanalijua hili vizuri: mbele ya bloku yao kuna tundu la boliti linalopenya mpaka kwenye fimbo inayosukuma pampu ya petroli. Mtu anafunga breketi kwa boliti ndefu kuliko inavyotakiwa, fimbo inashikwa, na petroli haifiki kwenye kabureta. Anabadilisha pampu, kosa liko kwenye boliti.

Namba saba usiliguse. Liko ndani ya uso ambao filta ya oili inakalia, na umesema ukimulika unaona kama mfereji wa bisibisi kwa ndani. Basi si tupu. Ile ni skrubu isiyo na kichwa, inayoshikilia bushi ya shafti ya wima, shafti ambayo juu inazungusha disitributa na chini inazungusha pampu ya oili. Ikilegea, bushi inaweza kuhama na oili isifike inakotakiwa. Hakikisha tu imekaza na uso wa filta ni safi, kisha weka gasketi mpya. Na kwa kuwa uko upande huohuo, utaona mstari wa boliti nane ubavuni zilizofungwa pamoja kwa waya. Hizo zimetokeza nje zikionekana hazina kazi, hazishiki breketi wala kava. Ndizo zinazoshikilia miongozo ya tapeti nane ndani ya bloku. Mtu akitafuta boliti ya kuazima asiifungue hata moja.

Sasa namba sita. Umepima nyuzi zake ukapata 28 kwa inchi, na upana wa karibu milimita 9.7. Hiyo ni nyuzi ya bomba ya Kiingereza, BSP ya 1/8, inayotumika kwa swichi na vizibo vya oili. Upepo uliopulizwa hapo ukatokea kwenye beringi za krenki. Yaani tundu hili liko kwenye njia kuu ya oili, na ukiwasha injini likiwa wazi oili itaruka mpaka ukuta wa pili, beringi zikabaki kavu. Utaona kishawishi cha kufunga boliti ya M10, yaani ya milimita 10, yenye nyuzi laini, kwa kuwa inaanza kuingia. Usifanye hivyo. M10 yenye nafasi ya milimita 1 kati ya nyuzi ina nyuzi 25.4 kwa inchi. Itazunguka kidogo kisha itazila nyuzi za bloku. Rudisha kizibo chake kilekile na washa mpya ya shaba. Kama huna mpya, ipashe moto ya zamani mpaka iwe nyekundu, iache ipoe au itumbukize majini, na italainika tena. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie njia ya oili kabisa, kwa sababu kipande chake kikikatika kinasafiri na kuziba tundu la beringi. Kagua vilevile vizibo vya mwisho wa njia kuu ya oili. Njia hiyo hutobolewa kwa keekee ndefu kisha ikazibwa miishoni, na kama vizibo vilifunguliwa ili kuosha ndani, kimoja kikisahaulika nyuma ya flaiwili itabidi ushushe kila kitu upya.

Turudi kwenye namba moja na mbili, maana hapo pana funzo la spana 13. Boliti ya 5/16 ya inchi, ambayo Land Rover hii imejaa, kichwa chake kinataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana 13 inakishika bila taabu. Kwa hiyo fundi anafungua boliti kwa spana 13, anaamini ni M8, anakwenda dukani ananunua M8. Upana wa 5/16 ni milimita 7.94, na wa M8 ni 8, hivyo mizunguko miwili ya kwanza inamkubalia. Tofauti iko kwenye nafasi ya nyuzi. Kwenye urefu wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, UNF (nyuzi laini) ya 5/16 ina nyuzi 12, M8 ya kawaida ina takriban 10, na UNC (nyuzi pana) ya 5/16 ina 9. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana nyuzi za aina moja zenye pembe ya digrii 60, ndizo hizi UNF na UNC. Zile nyuzi za Kiingereza za zamani, za Whitworth, zilikuwa na digrii 55, na mabomba ya BSP yamebaki na hiyo 55 mpaka leo. Huna haja ya geji ya nyuzi kuzitambua. Chonga kijiti cha mti laini kiwe kinene kidogo kuliko tundu, kizungushe ndani kwa nguvu, kitoe, uhesabu mistari iliyojichora kwenye ubavu wake. Au chukua boliti unayoijua, ilaze kwenye ile iliyotoka kwenye gari, nyuzi kwa nyuzi, uelekeze kwenye mwanga. Zikilingana hutaona mwanga katikati.

Namba moja, mbili na tatu ziko mbele, kwenye uso mmoja uliosagwa, zimejipanga pembetatu, zote zina kina cha milimita 22 na chini zina umbo la faneli. Hayo ni matundu makavu ya breketi ya kifaa cha kuzungushwa na mkanda, kifaa ambacho gari lako halina. Namba nne liko peke yake lakini ni pana na chuma kilicholizunguka ni kinene, nalo ni kipofu. Chuma kinene namna ile huwekwa pale panapotakiwa kubeba uzito. Hayo manne, na namba nane kwa masharti niliyotaja, ndiyo pekee ambayo ushauri wa fundi wako unayafaa, na hata hapo si kwa boliti yoyote.

Nikueleze kwa nini. Miaka ya 1980 nikijifunza kazi, tuliosha bloku ya Land Rover kama hii yako na matundu ya breketi yakabaki yamejaa mafuta. Mimi ndiye niliyeshika spana. Boliti ilikuwa nzito kuzunguka, nikadhani ni kutu, nikaongeza nguvu. Ikalia "ta!" kama kuni kavu inayovunjika, kisha ikawa nyepesi. Mzee aliyekuwa akitufundisha alikuja, akapaka mafuta ya taa kuzunguka tundu, akasubiri, akafuta pakavu, akasugua chaki nyeupe juu yake. Tukasimama kuangalia. Baada ya muda mstari mwembamba kama unywele ukajichora kwenye chaki, ukishuka kutoka mdomo wa tundu kwenda kwenye koti la maji. Mafuta hayabanwi. Boliti inapoingia kwenye tundu kipofu lililojaa mafuta inageuka kuwa jeki, ileile inayoinua lori, na chuma cha kusubu kinapasuka kabla mkono wako haujahisi uzito wa kutosha.

Kwa hiyo kausha kila tundu kwa kitambaa kilichosokotwa kwenye waya, kisha upepo. Rangi iliyoingia ndani iondoe kwa boliti kuukuu ya saizi sahihi, uliyoikata mifereji mitatu kwa msumeno wa chuma kufuata urefu wake. Inasafisha nyuzi bila kuzikata upya kama tapu, kifaa cha kukatia nyuzi, inavyofanya. Boliti ya kuzibia iwe fupi kuliko kina kwa milimita tatu au zaidi. Kwa kina chako cha 22, boliti ya milimita 15 inatosha kabisa. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti, si ndani ya tundu, na ikaze kwa mkono wa kawaida tu, kwa kuwa haishiki kitu. Namba moja na mbili, ambako M8 ililazimishwa, zipime kwanza kwa ile njia ya mafuta ya taa na chaki. Kama mstari haujichori, safisha nyuzi na uendelee.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote nne, zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izime au geji ipande, ndipo urudishe plagi. Ikishanguruma, mulika namba sita na namba nane kwa tochi dakika chache za mwanzo. Namba tano likague injini ikishapata moto, maana hapo ndipo maji yanapata presha. Na kizibo cha namba tisa kinunue, hakina gharama, ukifunge kwa waya ndani ya sanduku la vifaa chini ya kiti, ili siku ukifika mtoni usianze kukitafuta.